Kivuko cha Nzoia: Safari za Kwanza za Familia Kupitia Moi's Bridge

Moi's Bridge ni mji wa soko la mahindi kando ya Mto Nzoia, pale kaunti za Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kakamega zinapokaribiana. Barabara itokayo Eldoret hupita Leseru na Soy kabla ya kuufikia, kisha huendelea hadi Kitale. Kwa miaka mingi mji huu uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la Cecil Hoey, mwindaji na mlowezi aliyejenga daraja hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya uhuru jina lake liliondolewa, likawekwa la Daniel arap Moi. Majina yamebadilika, ila sababu ya mji kuwapo ni ileile: hapa ndipo mto ulipovukika. Familia yoyote iliyotaka kutoka uwanda wa Uasin Gishu kwenda nchi iliyo chini ya Mlima Elgon ililazimika kujibu maswali mawili kabla ya kufunga mizigo. Mto unavukwa wapi? Na unavukwa mwezi gani?

Nzoia hukusanya maji yake kutoka vilima vya Cherang'any na miteremko ya Elgon, ukasafiri takriban kilomita 250 hadi Ziwa Viktoria. Uwanda unaoukata una mwinuko wa karibu meta 2,000. Mvua huanza Machi na kuendelea hadi Septemba, na mara nyingi Julai na Agosti huwa miezi mizito kama Aprili. Udongo wa mabondeni ni mweusi na hunata, nao ukishashiba maji hauna huruma kwa gurudumu. Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho hufungua njia. Kalenda hii ina nguvu kuliko ramani yoyote iliyochorwa kuhusu eneo hili, na historia ya safari za familia katika Uasin Gishu kwa sehemu kubwa ni historia ya walioijua na wasioijua.

Walioijua kwanza ni wafugaji. Katika sehemu nyingi za uwanda bado yanaonekana mashimo ya mviringo yanayohusishwa na Wasirikwa, ambamo ng'ombe walilazwa karne nyingi zilizopita. Baadaye eneo lilishikwa na Wamasai wa Uasin Gishu, ambao ndio walioliachia jina, hadi waliposhindwa na kutawanywa katika vita vya karne ya 19. Wanandi, Wakeiyo na Wamarakwet wakalitumia kama malisho. Ng'ambo ya Nzoia walikuwa Wasabaot wa Elgon, na kusini-magharibi Wabukusu na Wakabras.

Familia za watu hawa zilisafiri sana, na hazikusafiri kwa kubahatisha. Safari ilipangwa kwa kufuata nyasi na maji, na mgeni alipokelewa kwa kufuata ukoo na rika. Majina ya rika za waliotahiriwa, kama Maina au Nyongi, yanafanana kwa sehemu kubwa kutoka Nandi hadi Sabaot. Mzee aliyefika boma asilolijua alitaja rika lake, na hapo ikajulikana nani amkaribishe, nani amheshimu na nani amtanie. Mpango huo ulimpa msafiri chakula, malazi na mtu wa kumwonyesha kivuko. Wasafiri waliofuata, pamoja na fedha na bunduki zao zote, hawakuwa na kitu kilichoukaribia.

Kufikia miaka ya 1890 uwanda ulikuwa umepungukiwa na watu. Vita vilikuwa vimewaondoa Wamasai, na sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki katika muongo huo, ukapunguza makundi yaliyobaki. Malisho yalitumika kwa msimu, si mwaka mzima. Mgeni aliyepita katika mwezi ambao mifugo ilikuwa kwingine aliona nyasi tupu hadi upeo wa macho, akaandika kwamba nchi haina wenyewe. Kosa hilo la kuisoma nchi kwa ziara ya siku chache liligharimu watu wengi, na lilianzia juu kabisa serikalini.

Desemba 1902 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alisafiri kwa treni ya reli ya Uganda, iliyokuwa imefika Ziwa Viktoria mwaka mmoja tu kabla. Kilichomvutia ni hali ya hewa ya nyanda za juu. Mwaka uliofuata serikali yake ilimpa Theodor Herzl, kiongozi wa harakati za Kizayuni, pendekezo la makao ya Wayahudi katika eneo hili la Afrika Mashariki, na hatimaye kidole kikawekwa juu ya uwanda wa Uasin Gishu. Wayahudi waliokuwa wakiuawa na kufukuzwa katika Urusi ya wakati huo walihitaji kimbilio haraka. Hata hivyo Kongamano la Sita la Wazayuni, lililokutana Basel Agosti 1903, liligawanyika vibaya. Kura 295 dhidi ya 178 ziliamua kwamba kwanza watumwe watu waende wakaione nchi.

Tume hiyo ilifika Mombasa Januari 1905 ikiwa na watu watatu: Meja Gibbons, mpelelezi Mwingereza; Alfred Kaiser, msafiri kutoka Uswisi; na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi. Walipanda treni hadi Nakuru, wakaajiri wapagazi, wakapanda uwandani. Hii ilikuwa ziara fupi ya kukagua kwa niaba ya maelfu ya familia, na ilichukua majuma machache ya kiangazi. Waliona nchi ileile wakarudi na taarifa zisizopatana. Gibbons aliona uwezekano, Kaiser alikuwa na mashaka, na Wilbusch aliikataa kabisa. Kongamano la Saba, lililokutana mwaka huohuo wa 1905, likalitupilia mbali pendekezo.

Inafaa kusema wazi kwamba hakuna aliyewauliza Wanandi. Mwaka huohuo, tarehe 19 Oktoba 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa na Kapteni Richard Meinertzhagen katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Wanandi wakasukumwa katika eneo lililotengwa, na malisho yao ya kaskazini yakahesabiwa kuwa ardhi ya wazi.

Waliokuja kuijaza walitoka kusini kabisa mwa bara. Vita vya Makaburu na Waingereza, vilivyokwisha 1902, viliacha mashamba ya Transvaal yakiwa yamechomwa na familia nyingi zikiwa na madeni. Baadhi yao walianza kutazama Afrika Mashariki. Hawakuja wote kwa mara moja. Ndugu wa ukoo wa Van Breda walitangulia, wakakaa karibu na mlima wa Sergoit, na habari zao zikafika nyumbani. Jansen van Rensburg ndiye aliyekusanya kundi kubwa. Mwaka 1908 takriban familia 47, watu wapatao 280, walipanda meli iitwayo Windhuk kutoka Lourenço Marques, mji unaoitwa leo Maputo. Walikuwa na farasi, magari ya kukokotwa, majembe, fanicha na watoto wa kila umri. Walishuka Mombasa, wakabebwa kwa treni hadi Nakuru, na huko wakanunua maksai wa kienyeji ambao hawakuwa wamezoea nira.

Mipango yao ilikuwa makini kwa kila jambo isipokuwa kalenda. Waliondoka Nakuru Agosti, katikati ya mvua za nyanda za juu. Mbele yao kulikuwa na ukingo wa Bonde la Ufa, msitu wa mianzi wa Timboroa ambako baridi ya usiku huuma hata leo, na mabonde ya tope yasiyo na njia. Mbele ya msafara wanaume walikata miti na kutandika magogo juu ya matope. Gari moja liliweza kuhitaji maksai wa magari mawili au matatu kulitoa, kisha kazi ikaanza upya kwa gari la pili. Walifika Sergoit mwishoni mwa Oktoba. Nakuru hadi Sergoit ni mwendo ambao gari dogo sasa huumaliza asubuhi moja. Wao walitumia zaidi ya miezi miwili. Wangengojea Desemba, wangeukuta udongo umekauka, lakini wangelisha watu na mifugo kwa miezi minne bila kulima. Uamuzi wa kuondoka mvuani haukuwa upumbavu. Ulikuwa uamuzi wa familia ambazo akiba yao ilikuwa inaisha, na familia za namna hiyo hazina uhuru wa kuchagua mwezi.

Mwaka uliofuata alipita msafiri wa aina nyingine. Theodore Roosevelt alimaliza urais wa Marekani Machi 1909 na majuma matatu baadaye alikuwa ameshapanda meli pamoja na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19. Safari yao iliandaliwa kwa takriban mwaka mzima, chini ya Taasisi ya Smithsonian ya Washington, kwa mchango mkubwa wa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Walikuwa na waongozaji walioijua nchi, Cuninghame na Tarlton, wapagazi zaidi ya 200, tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi, na maktaba ndogo ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho na mvua. Novemba 1909 baba na mwana walikuwa Uasin Gishu. Walipiga kambi kando ya Nzoia, wakawakuta Makaburu waliokuwa wameanza kulima, na karibu na Sergoit wakashuhudia mashujaa wa Kinandi wakimzingira simba na kumuua kwa mikuki. Hapohapo uwandani walikutana na Carl Akeley, aliyekuwa akitafuta tembo kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, wakawinda pamoja naye.

Safari hiyo hutajwa sana kwa wanyama iliowaua, na idadi yao inatisha. Kwa historia ya Moi's Bridge ina umuhimu mwingine. Ilionyesha kwamba nchi ngeni iliweza kutembelewa kwa muda uliopimwa na kwa mtoto kuandamana na mzazi, ilimradi kuwe na mtangulizi anayeijua na fedha za kumlipa. Kielelezo hicho ndicho kilichojenga biashara nzima ya safari za watalii iliyofuata Kenya. Jasho la wapagazi 200 lililokibeba halikupewa nafasi kubwa katika masimulizi.

Wakati Roosevelt anapita, kivuko cha Nzoia kilikuwa njia ya wawindaji na walowezi wachache waliotaka kuona upande wa pili. Daraja la Hoey liligeuza kivuko kuwa lango. Ng'ambo yake palifunguliwa mashamba, hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ilipowagawia ardhi askari Wazungu waliotoka vitani. Wilaya mpya ilipewa jina la mto uliotangulia kuvukwa, Trans Nzoia. Kwa upande wa kusini, posta iliyofunguliwa 1910 kwenye Shamba Namba 64 ikawa mji, na mwaka 1912 mji huo ukapewa jina la Eldoret. Wazee wengi waliendelea kuuita Sisibo, wakiifuata ile namba 64 ya Kiingereza kwa matamshi yao. Kutoka stesheni ya Londiani hadi huko, kila gunia la chumvi na kila debe la mafuta ya taa lilipanda kwa gari la maksai. Familia iliyokaa Hoey's Bridge iliagiza mahitaji ya miezi kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa hakuna aliyejua mvua ingeruhusu lini gari jingine.

Reli ndiyo iliyoivunja nguvu ya mvua. Ilianza Nakuru, ikapanda Timboroa katika mwinuko wa zaidi ya meta 2,700, ikafika Eldoret 1924. Tawi la kwenda Kitale, lililochepuka Leseru na kupita Soy na Hoey's Bridge, lilikamilika 1926. Kuanzia hapo mahindi yalishuka Mombasa kwa mabehewa na watu wakapanda. Stesheni ya Hoey's Bridge ikawa na bohari, maduka na karani wa tiketi. Kwa mara ya kwanza mtu wa huku aliweza kusema siku atakayofika pwani kabla hajaondoka nyumbani, na jambo hilo lilibadilisha namna familia zilivyopanga maisha, kuanzia harusi hadi shule za bweni.

Halikuwabadilishia wote kwa kiasi kilekile. Mabehewa yaligawanywa kwa madaraja, na madaraja hayo kwa kweli yalikuwa rangi: Mzungu la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Tangu sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa utu uzima alitakiwa kubeba kipande, na kutoka shambani bila idhini ya mwajiri kulikuwa kosa. Familia za Wanandi, Wabukusu, Wakikuyu na wengineo zilizoishi na kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi zilihitaji ruhusa hata kwa safari ya kwenda kumzika ndugu. Mpango wao ulianza kwa kumwendea nyapara, ukaendelea kwa kungoja barua, na mara nyingi ulimalizikia hapo. Walioipata ruhusa walifunga chakula cha njiani na kusafiri kwenye viti vya mbao, siku na usiku, wakipita Timboroa wamejifunika kila walichokuwa nacho. Ni haki kukumbuka kwamba nyingi ya safari za kwanza za familia za Kiafrika katika reli hii hazikuwa za matembezi. Zilikuwa za kutafuta kazi, malisho au kaburi la kumwagia udongo.

Wenye maduka walikuwa na jiografia yao. Katika vituo vya reli vya nyanda za juu biashara ya rejareja ilishikwa zaidi na Wahindi, wengi kutoka Gujarat na Punjab. Desturi ilikuwa mwanamume kutangulia, kulala nyuma ya duka la jamaa kwa miaka kadhaa, kisha kumwita mke na watoto. Safari iliyosubiriwa sana ilikuwa ile ya kurudi: kuwapeleka watoto waliozaliwa Kenya wakaione Bara Hindi kwa mara ya kwanza. Treni iliwashusha Mombasa, na meli za kampuni ya British India, kama Karanja na Kampala, ziliwavusha bahari hadi Porbandar au Bombay. Nchi ile ilikuwa kubwa mno kwa likizo moja, na familia zilijua hivyo. Hazikujaribu kuizunguka. Zilikwenda kijiji cha babu, hekalu au msikiti wa ukoo, mji mmoja wa kununua nguo za harusi, kisha zikageuza. Anayepanga leo ziara fupi ya kwanza katika nchi pana hana funzo bora kuliko hilo.

Uhuru ulileta wimbi jipya. Kuanzia 1962 Mpango wa Ekari Milioni ulianza kununua mashamba ya walowezi na kuyagawa, na baada yake vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi zikaendelea na kazi hiyo kotekote Uasin Gishu na Trans Nzoia. Familia zilikuja kutoka Nandi na Keiyo, Bungoma na Vihiga, Kisii, Kiambu na Murang'a. Utaratibu uliozoeleka ulifanana mno na ule wa watu waliotangulia. Kikundi kilichanga fedha, kikachagua wazee wachache waje kuliona shamba, kupima udongo kwa mkono na kuuliza maji yako wapi. Wakisharidhika, mume mmoja mmoja alitangulia kujenga nyumba ya udongo na kupanda mahindi ya kwanza. Mke, watoto na kuku walifuata kwa lori, kwa kawaida baada ya shule kufungwa na barabara kukauka.

Mji ukabadilika kwa kasi. Bohari za mahindi zikaongezeka, na hadi sasa ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao ni mojawapo ya alama za Moi's Bridge. Lugha ya sokoni ikawa Kiswahili, kwa kuwa hakuna nyingine ambayo Mnandi, Mluhya, Mkikuyu na Mturkana wangeweza kupatana bei nayo.

Mahindi yakawa pia saa ya wasafiri. Mavuno huanza Oktoba, mauzo hufuata, na fedha hupatikana Desemba, mwezi ambao shule zimefungwa na njia ni kavu. Januari hudai karo, mbegu na mbolea. Kati ya gunia kuuzwa na karo kulipwa kuna majuma machache, na ndani ya majuma hayo ndimo familia za Moi's Bridge zimekuwa zikiingiza safari zao zote. Chama cha akina mama kilichochanga mwaka mzima mara nyingi ndicho kilicholipa nauli.

Nauli zenyewe zilizidi kwenda kwa magari ya barabarani. Agizo la Rais Kenyatta la 1973 liliyaruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za awali, na biashara hiyo ikafurika. Kwa masafa marefu watu walipanda mabasi ya usiku au Pijo 504, gari la abiria saba lililosifika kwa mbio na kuogopwa kwa sababu hiyohiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 shirika la reli liligawanyika nalo, na kadiri miaka ilivyosonga treni za abiria zikafifia. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na kikomo cha abiria 14 kwa matatu ndogo. Kwa familia yenye watoto hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Mtoto aliyekuwa akipakatwa au kusimamishwa katikati ya miguu ya watu sasa alihesabiwa kiti, na kiti hulipiwa. Bajeti ya safari ikapanda, na usalama pia.

Safari ya matembezi tu, isiyo na mazishi wala harusi, ilichelewa kufika. Iliingia kupitia shuleni. Mabasi ya wanafunzi yalielekea kwanza karibu: Jumba la Makumbusho la Kitale, lililofunguliwa 1974 kutokana na mkusanyo wa mlowezi Hugh Stoneham, Saiwa Swamp, hifadhi ndogo ya taifa iliyotengwa mwaka huohuo kwa ajili ya nzohe, swala apendaye maji, na mapango ya Elgon ambamo tembo huingia usiku kulamba chumvi. Mbali zaidi kulikuwa na Nakuru, na mbali kuliko kote Nairobi, penye Bomas of Kenya, kituo kilichoanzishwa 1971 ili ngoma na nyumba za jamii mbalimbali zionekane mahali pamoja.

Kituo kingine cha Nairobi kina uhusiano na Moi's Bridge ambao watoto wengi hawaambiwi, na ingefaa waambiwe. Twiga aina ya Rothschild walikuwa wengi katika mashamba makubwa ya Soy, jirani na Moi's Bridge. Miaka ya 1970 mashamba hayo yalipogawanywa kwa walimaji wadogo, twiga walikosa pa kuishi. Mwaka 1974 Betty na Jock Leslie-Melville walimchukua ndama mmoja, Daisy, wakamlea nyumbani kwao Lang'ata, na kutokana na juhudi zao kikazaliwa Kituo cha Twiga. Twiga wengine wa eneo hilo walihamishiwa Ziwa Nakuru. Mtoto wa Moi's Bridge anayesafiri kilomita 350 kumlisha twiga Lang'ata anamlisha mnyama ambaye wahenga wake walikula migunga ya kwao. Na shamba la babu yake huenda ni mojawapo ya vipande vilivyowahamisha.

Uwanda huu umeshuhudia pia familia zikisafiri kwa kukimbia. Ghasia za kati ya 1991 na 1993, na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ziliwatoa maelfu ya watu katika Uasin Gishu na Trans Nzoia, wengine wakarudi wilaya ambazo watoto wao hawakuwa wamewahi kuziona. Safari ya kwanza ya mtoto kwenda kwa babu ilikuwa juu ya lori, na godoro likiwa ndilo mzigo pekee. Tangu hapo familia nyingi huutazama mwaka wa uchaguzi kabla ya kupanga safari, na si ajabu kumsikia mtu akisema wataondoka kura zikishahesabiwa.

Kwa upande wa miundombinu, mambo yamerahisika. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Eldoret ulifunguliwa 1997, na safari ya ndege hadi Nairobi haizidi saa moja. M-Pesa, iliyoanza 2007, iliondoa hatari ya kusafiri na noti zilizoshonwa ndani ya nguo. Treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa 31 Mei 2017 kati ya Nairobi na Mombasa, imerudisha reli katika mipango ya likizo, na kwa wakazi wengi wa bara ndiyo njia inayopendwa ya kuwapeleka watoto kuiona bahari.

Safari hiyo ya pwani, ambayo kwa familia nyingi za Moi's Bridge ndiyo ndefu kuliko zote, ina zaidi ya kilomita 800 kwenda tu. Basi kutoka Eldoret huishia katikati ya Nairobi, ilhali treni huondokea Syokimau, nje ya jiji. Asiyejua hilo hukosa treni akiwa na tiketi mfukoni. Wazoefu hulala Nairobi kwa jamaa, hukata tiketi mapema kwa namba ya kitambulisho, na huwahi treni ya mchana ili watoto waone Tsavo dirishani kukiwa bado na mwanga. Wakifika pwani huchagua machache: Fort Jesus na mitaa ya Mji wa Kale siku ya kwanza, ufuko siku ya pili, na Lamu huiachia mwaka mwingine, kwa maana kwenda huko kunadai siku zake na barabara yake. Anayerudi Januari mapema hukuta stendi ya Eldoret imejaa wanafunzi na masanduku yao ya bati, nauli imepanda, na magari ya Kitale yanajaa kabla ya saa nne asubuhi.